Maombi ya Shahada Yaanzie Machimboni

Katika machimbo ya Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, na katika yale ya Kahama mkoani Shinyanga, mchimbaji mdogo hujipatia riziki kwa mwili wake wote. Hushuka duarani, huvunja mwamba, hubeba viroba vya mawe, na wako wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Vumbi la silika likishakaa mapafuni huacha makovu yasiyofutika, na kifua kikuu hupata mlango. Afikapo zahanati huandikiwa dawa na kuambiwa apumzike. Apumzike ale nini?

Swali hilo ndilo kiini cha sayansi ya shughuli za binadamu, taaluma inayochunguza yale ambayo mtu huyafanya kila siku na jinsi yanavyoijenga au kuibomoa afya yake. Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, kilianzisha shahada ya uzamivu ya taaluma hiyo mwaka 1989. Nayo huipa msingi tiba kwa vitendo, ambayo kwa hapa nchini hufundishwa KCMC, Moshi. Haipaswi kuchanganywa na ukaguzi unaofanywa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Ukaguzi hutazama mgodi. Sayansi hii hutazama maisha ya mgonjwa baada ya mgodi.

Wanaostahili zaidi kuomba nafasi za uzamili katika fani hii ni wahudumu wa afya waliokwisha kuwatibu wachimbaji. Mwombaji akiandika tu kwamba ana bidii na anapenda kusaidia watu, barua yake itafanana na ya mtu yeyote, popote. Aeleze badala yake swali alilolikuta wodini: mchimbaji mwenye mapafu yaliyochakaa aweza kufanya kazi gani yenye kipato na heshima bila kuhema? Mama anayeponda mawe akiwa na mtoto mgongoni abadili nini kwanza? Aonyeshe atakavyolichunguza swali hilo, asitaje jina la mgonjwa, na achague wadhamini waliomwona kazini. Akiomba chuo cha nje, ahakikishe mapema kwamba shahada hiyo itatambuliwa na TCU.

Wapo watakaosema kwamba zahanati zenye wauguzi wachache haziwezi kumwachia hata mmoja aende masomoni, tena huenda asirudi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini dawa yake si kuzuia ruhusa, bali halmashauri na mtumishi kukubaliana kwa maandishi, kabla ya safari, juu ya nafasi atakayoirudia na kazi atakayoifanya. Bila nafasi hiyo, shahada itaning'inia ukutani, na mgonjwa aliyeambiwa apumzike atarudi duarani kabla hajamaliza dozi.