Mlima hauhesabiwi kwa kilomita

Kila likizo ya skuli ikikaribia, familia zetu hapa Maskati hupanga kupanda Jabal Akhdar. Na kila mara husikia hesabu ileile: "Kilomita 170 tu, saa moja na nusu tushafika." Mimi nimesomesha sekondari ya misheni miaka mingi, na hesabu hiyo ningeitia alama ya kosa.

Safari hii ina mafungu matatu. Kutoka Maskati mpaka Birkat al-Mawz ni barabara kuu, gari inakwenda 120 bila taabu. Chini ya mlima pana kituo cha polisi. Gari isiyovuta kwa magurudumu manne hairuhusiwi kupanda, na siku za mapumziko hapo kuna kusubiri. Kisha kilomita 30 na kitu za kupanda mpaka Saiq, karibu mita 2,000 juu ya bahari, kona juu ya kona.

Wanafunzi nikiwauliza: ukipanda kilomita 30 kwa mwendo wa 30, ukateremka kwa 60, wastani ni ngapi? Wengi hujibu 45. Jawabu ni 40, maana mwendo wa polepole ndio unaokula muda. Na kule hata hiyo 60 ya kuteremka iondoeni. Mlima unateremkwa kwa gia ndogo; breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, zikaacha kushika. Zile njia za changarawe pembeni hazikuwekwa kwa mapambo, ni kimbilio la gari iliyokosa breki.

Lakini lawama si ya dereva peke yake. Sisi tuliotangulia juu ndio tunaopiga simu: "Mko wapi? Wali unapoa!" Simu ya tatu, kijana anakanyaga mafuta, na nyuma amepakia mama yake na watoto wadogo.

Basi jamani, tuwekeni masaa matatu kwenda, na watoto wakitaka kushuka njiani, yaongezeke. Tokeni asubuhi mapema. Desemba jua linazama karibu saa 11:30 jioni, kwa hivyo atakayeteremka ateremke mapema, au alale hukohuko. Na anayesubiri asiulize saa ngapi mtafika. Afunike sufuria, aweke simu chini.