Fedha Safi, Mikono Je?

Wenzangu wa kalamu, bado wapo wanaotuimbia kwamba vita vya Magdala vya 1868 vilikuwa "safi". Eti Jenerali Napier alikwenda Uhabeshi kuwakomboa mateka, akawakomboa, akarudi kwao bila kuchukua hata shamba. Askari wake wakatunukiwa medali za fedha. Yamekwisha.

Hebu tuigeuzegeuze hiyo medali. Mbele kuna Malkia Victoria na ushungi wake, amezungukwa na nyota ya ncha tisa na herufi za neno ABYSSINIA. Nyuma kuna jina la askari, limetokezwa kwenye fedha yenyewe, kila medali na lake. Gharama si mchezo! Askari wengi wa Kihindi, waliopanda milima ile ile, majina yao yaligongwa tu. Hata asante ilikuwa na daraja la kwanza na la tatu.

Sasa nani aliandika majina ya Wahabeshi kama 700 waliouawa Arogee tarehe 10 Aprili? Upande wa Napier walikufa wawili. Siku tatu baadaye Mfalme Tewodros akajiua, ngome ikavunjwa, na uporaji ukaanza. Zilihitajika tembo 15 na nyumbu wa mizigo karibu 200 kubeba mataji, misalaba na vitabu vya ngozi. Njiani wakavipiga mnada, na mtu wa Makumbusho ya Uingereza alikuwepo kununua. Mnada, jamani! Kibaka gani wa Kariakoo anauza mali ya wizi mchana kweupe, halafu anavishwa medali?

Makumbusho hayo hadi leo yana tabot 11, vile vibao vitakatifu vya madhabahu, nyingi zikiwa za Magdala. Zimefungiwa stoo, hata wafanyakazi hawaruhusiwi kuzitazama, eti kuheshimu imani ya wenyewe. Mwiko wa kutazama wanaujua. Wa kuiba je?

Halafu kuna mtoto. Alemayehu, mwana wa Tewodros, alikuwa na miaka 7 walipomchukua. Mama yake alifia njiani. Naye akafa Uingereza mwaka 1879, ana miaka 18, akazikwa Windsor. Medali inasherehekea msafara uliorudi nyumbani, huku huyu akipelekwa ugenini moja kwa moja. Mwaka 2023 jamaa zake waliomba mabaki yake. Ikulu ya Buckingham ikakataa: kumfukua kungewasumbua wengine waliolala jirani naye.

Magdala hawakujali kumsumbua mtu.