Kwa Asiyeona, Jina la Kitufe Ndiyo Njia

Mto Tana una desturi ya kuhama. Mafuriko yanapoukatia mkondo mpya, ule wa zamani hubaki ziwa, na Wapokomo waliokuwa wakilima mpunga na migomba kwenye kingo zake hulazimika kuufuata mto au kukaa mbali na maji. Mwishoni mwa mwaka 2023 mto ulifurika tena, na barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu ikakatika. Muda mfupi baadaye, Januari 2024, kampuni ya Google ilianza kuuondoa ule mwonekano sahili wa HTML wa barua pepe ya Gmail, uliokuwa kimbilio la wenye intaneti dhaifu na la watumiaji wengi wasioona. Habari za mafuriko zilijaa magazetini. Hizi za pili zilipita kimya, na hata katika idara za Kiswahili, ambako maneno ndiyo kazi, hazikuzua mjadala wa maana.

Huenda wengi hawakuona kilichopotea. Mtu asiyeona hutumia kompyuta kwa masikio na vidole. Programu ya kusoma skrini humtamkia kilichoandikwa, naye huamuru kwa kibodi. JAWS ni maarufu lakini leseni yake hugharimu mamia ya dola. NVDA, iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006, hutolewa bure, na kwa hiyo ndiyo inayofaa mifuko ya wengi katika Afrika Mashariki. Mwenye macho huutupia ukurasa jicho mara moja akajua kitufe cha kutuma kiko wapi. Asiyeona huusikia ukurasa huo neno baada ya neno, kama anayepita ukumbi wenye giza huku akigusa ukuta. Mwonekano sahili ulimfaa kwa sababu ulikuwa na viungo, jedwali la barua na visanduku vya kuteua, basi. Mpangilio haukubadilika, akaukariri.

Na ichukuliwe mfano wa mwalimu wa Kiswahili asiyeona aliyepangiwa shule iliyo karibu na Garsen. Barua za uhamisho, ratiba za usahihishaji na mialiko ya warsha humfikia kwa barua pepe. Siku moja anafungua kikasha chake na kukuta ukurasa mpya. Anabonyeza E ili aruke hadi mahali pa kuandikia, kwa kuwa ndiyo kazi ya herufi hiyo katika NVDA anapopitia ukurasa. Lakini katika Gmail, njia za mkato zikiwa zimewashwa, E hiyohiyo huiondoa barua kwenye kikasha na kuiweka kwenye kumbukumbu. K nayo kwa NVDA humpeleka kwenye kiungo kinachofuata, ilhali kwa Gmail humpeleka kwenye barua nyingine. Herufi moja ina mabwana wawili, na bwana gani anayesikiliza kwa wakati huo hutegemea hali ambayo programu imo. Barua ya uhamisho ikitoweka kikashani, mwenzake mwenye macho atacheka na kuirejesha kwa kubofya mara moja. Yeye hatajua kwanza kwamba imetoweka.

Zaidi ya hayo, ukurasa mpya ni mzito, na mtandao wa simu pembezoni mwa Garsen si wa Nairobi. Anapousubiri ukamilike, sauti huanza kusoma nusu ya ukurasa, kisha ukurasa hubadilika katikati ya sentensi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Hata hivyo, Mgala muue na haki umpe. Mwonekano wa kawaida una njia za mkato nyingi, na aliyekwisha kuzizoea huenda kwa kasi kuliko alivyokuwa akienda zamani. Miongozo ya kimataifa ya kurasa zinazofikika, inayojulikana kama WCAG, imekuwa ikiboreshwa, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Kwa hiyo si haki kudai kwamba programu zisibadilike kamwe. Kinachopaswa kudaiwa ni kwamba njia ya zamani isifungwe kabla ya wanaotembea kwa masikio kuipita ile mpya na kusema inapitika. Mafunzo ya ana kwa ana ya kuizoea hupatikana kwa urahisi zaidi mijini, na kutoka Garsen hadi Malindi tu ni zaidi ya kilomita 100.

Upande wa pili wa suala hili hauko California bali katika vyumba vya mihadhara vya Kiswahili. Kitufe chenye picha ya kalamu bila jina husomwa na programu hizi "kitufe" tu. Vikipangwa vitano, msikilizaji huambiwa kitufe, kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Kumbe jina la kitufe, ambalo kwa mwenye macho ni pambo la picha, kwa asiyeona ndicho kitufe chenyewe. Kwa miongo kadhaa wanaisimu wamebishana kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi, au kipanya na puku. Mjadala huo aghalabu huendeshwa kama suala la ladha, la ufasaha au la fahari ya nchi. Mwenye macho hapotezi chochote istilahi ikibadilika, kwa kuwa picha ya bahasha imebaki palepale. Asiyeona aliyezoea kusikia "kikasha" akakutana na "sanduku la kupokelea" amepotezewa alama ya njia. Usanifishaji wa istilahi za kompyuta ungekuwa na uzito mwingine kabisa lau wanaokaa vikaoni wangefumba macho wakasikiliza orodha zao zikisomwa.

Kisha kuna sauti. NVDA huja na eSpeak NG, ambayo ina Kiswahili. Sauti yake ni kavu, lakini hutamka silabi zote. Tatizo ni kwamba ukurasa au barua isipotambulishwa kuwa ni ya Kiswahili, na msomaji asipobadilisha sauti mwenyewe, huendelea kusomwa kwa Kiingereza. Barua inayoanza kwa "Pole kwa msiba" humfikia mfiwa ikiwa na neno la Kiingereza la silabi moja, lenye maana ya mlingoti. Uchunguzi wa fonolojia ya matamshi ya namna hii ungefaa sana kuwa tasnifu, kuliko kurudia ngeli za nomino kwa mara ya mia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyaweka mambo haya mahali pamoja, ingawa wanaoinukuu huishia nusu. Ibara ya 7 inayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ndiyo hiyo hiyo inayoitaka serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na teknolojia nyingine za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Ibara ya 54 nayo inawapa haki ya kuzifikia habari, pamoja na vifaa vya kuwawezesha. Makongamano ya Kiswahili huinukuu Ibara ya 7 kila mwaka, na mwaliko wa makongamano hayo mara nyingi ni karatasi yenye muhuri na sahihi iliyopigwa picha kisha ikaambatishwa kwenye barua pepe. Kwa programu ya kusoma skrini, picha hiyo yenyewe haina neno hata moja. Mwalimu aliyeko Garsen huambiwa tu kuwa kuna kiambatisho. Maneno ya mwaliko yangeweza kuchapwa ndani ya barua yenyewe, na kazi hiyo haizidi dakika tano.