Mrembo wa Geita, Kerala Itasubiri. Anza na Rubondo!

Kuna mrembo mmoja wa Geita mjini, wafuasi kibao, wiki nzima anaposti Kerala tu. Boti, mito, minazi. Ndo safari yake ya kwanza India, na mlipaji ni shemeji mwenye duara.

Sasa duara lenyewe halijatema! Wachimbaji wanajua: shimo linakula hela ya baruti na msosi wa vijana miezi na miezi, halafu karashani panatoka vumbi tupu. Bibie tayari kaposti masanduku.

Kerala ni kuzuri, hakuna ubishi. Zile boti za kulala za Alappuzha zamani zilibeba mpunga, leo zinabeba wapenzi. Ila bibie anasema Julai, na huko mvua kubwa zinaanza Juni mpaka Septemba. Yaani mtu akope nauli akapige picha na mwavuli?

Wakati mtu wa Geita anashuka Nkome, anapanda boti, anafika Rubondo. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ina tembo, twiga, na sokwe ambao babu zao waliletwa miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. (Sokwe wametoka Ulaya kuja Geita, bibie anatoka Geita!) Kiingilio cha Mtanzania ni cha chini kuliko cha mgeni. Akitaka maji mengi kwenye picha, daraja la Kigongo-Busisi lipo, kama kilomita 3 juu ya ziwa, limefunguliwa Juni 2025.

Kerala aende Desemba, kukiwa kukavu. Kama duara litakuwa limejibu.