Reli Iliyopungua Mizani

Wapo wanaocheka wakimwona mtu mzima amepiga magoti mbele ya treni ya kuchezea. Kicheko cha wavivu wa kutazama! Cyril Fry, mhandisi wa karakana ya Inchicore, Dublin, aliunda kwa mikono yake treni ndogo za Ayalandi. Leo zimehifadhiwa Malahide. Reli nyembamba ya Donegal ilifungwa mwisho wa 1959, ya West Clare 1961. Atakaye kujua behewa zake zilikuwaje, haifai kumdharau mwenye vigari.

Lakini lawama iwashukie na waraibu wenyewe. Reli kuu ya Ayalandi ina upana wa milimita 1,600. Ya Uingereza 1,435. Kwa kipimo cha 1 kwa 76, ya Ayalandi yapasa kuwa milimita 21. Madukani imejaa ya 16.5 (ambayo hata kwa Uingereza haitoshi), nao huinunua, wakapaka kijani kichwa cha Kiingereza, wakakiita cha Kiayalandi. Hata vichwa vizuri vya siku hizi, vilivyofuata michoro ya huko huko, huja na magurudumu ya 16.5.

Watasema, nani ataziona milimita nne na nusu? Mpenzi wa tungo haulizi hivyo. Mizani moja ikipungua, shairi ni guni, lighaniwe kwa sauti tamu iliyoje. Na mfasiri abadilishaye majina akauacha urari, ana tofauti gani na mpaka rangi huyo?

Wapo wachache wanaolaza reli ya milimita 21 kwa mkono, taruma baada ya taruma. Hao hawajulikani sana, wala hawana haraka.