Mila za Pwani zikiandikwa, nani ashike kalamu?

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Kwale, amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika sheria za kimila kwenye chuo kimoja cha ng'ambo. Nyumbani habari hiyo haikupokewa kwa vigelegele. Shemeji yangu, Mdigo halisi, aliuliza swali ambalo wazazi wengi wangeuliza: mtoto keshakuwa wakili, sasa aende akakae miaka minne kwenye baridi kusoma mambo ambayo bibi yake anayajua hapo hapo jikoni? Si bora afungue ofisi Ukunda aandike mikataba ya viwanja?

Mimi nina diploma tu, tena si ya sheria. Lakini nimekaa mahakamani siku nyingi nikiandika habari, na jambo moja nimeliona: anachokijua bibi, mahakama haikijui. Katika kesi ya Kimani na Gikanga ya mwaka 1965, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba anayeitegemea mila ndiye mwenye mzigo wa kuithibitisha, kama mtu anavyothibitisha deni, isipokuwa iwe mila inayojulikana na kila mtu. Sheria ya bunge hakimu huifungua kitabuni. Mila lazima aletewe.

Aletewe na nani? Mwaka 1987, kwenye kesi ya maziko ya wakili S.M. Otieno, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka, alipanda kizimbani kueleza mila za Waluo. Pasipo na shahidi kama huyo, kuna vitabu. Eugene Cotran aliandika juzuu mbili juu ya mila za makabila ya Kenya, ya ndoa na talaka mwaka 1968 na ya mirathi mwaka 1969, na mahakama zetu zimekuwa zikizitaja tangu hapo. Zaidi ya nusu karne! Wazee waliohojiwa walishakwenda mbele ya haki, wajukuu wao wanaishi vingine, na kitabu kipo pale pale.

Kwa hivyo shemeji, anayeiandika mila ndiye anayeamua itakuwa nini siku ya kesi.

Na sisi wa Pwani tuna mengi ya kuandikwa. Chukua minazi. Huku shamba laweza kuwa la mtu mmoja na minazi iliyomo ikawa ya mwengine, na kijiji kizima kikajua mnazi upi ni wa nani. Mjini Mombasa tuna nyumba bila ardhi: kuta na bati ni zako, chini si pako, na kodi ya ardhi walipa. Sheria aliyokuja nayo Mwingereza haikuelewa mambo haya, kwani kwake kilichosimama juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Ilipokuja sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, watu wa mwambao walitakiwa wapeleke madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya mfalme wa Uingereza. Wengi wa Mijikenda hawakudai, maana nani angeandika dai la kaya, na kwa jina la nani? Wajukuu wao ndio tunaowaita maskwota leo, wengine wakiwa wamejenga hatua chache kutoka makaburi ya babu zao.

Kuna jambo jengine zito zaidi, na hapa nasema kwa uangalifu. Wadigo zamani walirithishana kwa upande wa mama, mali ya mjomba ikaenda kwa mpwa. (Mimi si Mdigo, na mpwa wangu asitegemee: nina pikipiki moja tu.) Uislamu ulipoenea wakaja na mirathi ya sheria, na mahakama za kikoloni zikawa zinayumba, mara huku mara kule. Kwangu mimi Muislamu mirathi ilishapangwa na Qur'an na sina ubishi nayo. Tangu 1990 Waislamu wametolewa kwenye Sheria ya Mirathi ya nchi ili wafuate ya kwao. Lakini ukoo, makaburi, kaya na ardhi ya pamoja havigawanyiki kama shamba la marehemu. Wanazuoni wetu wenyewe wameipa ada nafasi madamu haigongani na nassi. Mpaka wa mambo hayo mawili uko wapi hasa huko Kwale? Hilo ndilo mpwa wangu anataka kuliandikia, na sijui swali la sheria lenye maana zaidi ya hilo kwa watu wetu.

Wasiwasi wangu uko kwengine. Tulipokwenda naye kuwasalimu wazee, mmoja alisema: "Walikuja wengine kabla yako, na kinasa sauti. Hatujawaona tena." Nilikumbuka vigango vya Wagiriama vilivyong'olewa makaburini vikauzwa, na vingine vikarudishwa kutoka makumbusho ya Marekani baada ya miaka mingi ya kudaiwa. Maneno ya mzee nayo hung'olewa vivyo hivyo, ila hayapigwi picha yakajulikana yalipo. Tuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka jamii iridhie kwanza. Ni watafiti wangapi huisoma kwa wazee kabla ya kuwasha mashine?

Wazee hawakumkatalia. Walimwekea sharti moja: kila sura arudi kuwasomea, kwa Kidigo au Kiswahili, kabla ya kuipeleka kwa maprofesa wake, na palipo na makosa wamrekebishe. Amekubali, na ameandikia chuo kuuliza kama nauli za safari hizo zinaweza kuingizwa kwenye ufadhili. Jibu bado. Shemeji anasema wakikataa atauza ng'ombe mmoja.