Shaba Nyembamba, Kazi Nzito

Simu ya mkulima wa Muze ikigoma kuingia chaji, fundi huifungua, na mara nyingi kosa huliona katika utepe mwembamba ambao mafundi huuita fleksi. Huubandua, huweka mwingine uliotoka ng'ambo, hupokea ujira wake. Kwa nini ulikatika pale pale ulipokatika wa kwanza, hakuna aulizaye.

Utepe huo ni bodi ya saketi inayokunjika: shaba iliyobandikwa juu ya utando wa plastiki. Aghalabu shaba hiyo ina unene wa mikroni 18 tu, wembamba kuliko unywele, nayo hubebeshwa kazi mbili zinazogombana. Umeme hutaka njia pana na nene. Njia ya unene huo, yenye upana wa milimita 1 na urefu wa sentimita 10, ina ukinzani wa karibu ohmu 0.1, ikipitishwa ampea 2, volti 0.2 hupotea kwa kwenda, na nyingine kwa kurudi. Katika volti 5 za chaja, hasara hiyo si ya kupuuzwa.

Njia ya habari nayo haitaki upana wa kubahatisha. Jozi ya USB 2.0, ipitishayo hadi biti milioni 480 kwa sekunde, hudai impidansi ya ohmu 90 mwanzo hadi mwisho. Upana wake, au umbali wake na tabaka la shaba lililo chini yake, ukibadilika ghafla, sehemu ya ishara hurudi kama mwangwi. Tabaka hilo likiwa zima, utepe hukakamaa. Likitobolewa kama wavu, utepe hulainika, lakini hesabu yote hufanywa upya. Na penye mkunjo pasiwe na tundu wala kona kali, kwani shaba huchoka na kukatika hapo.

Wapo wasemao kuwa nchi isiyo na kiwanda cha tepe hizo haina haja ya kuzisanifu. Hoja hiyo ni dhaifu. Usanifu ni kazi ya mezani, na programu ya KiCad, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1992, hutolewa bure. Mchoro uliochorwa Mbeya waweza kupelekwa kiwanda chochote duniani. Anayechora ndiye anayeamua kama kifaa kitastahimili joto na vumbi la bonde la Rukwa.

Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma katika tanuri refu, ilungu, kisha wakakisafisha katika tanuri dogo, kintengwe, ndipo wakafua majembe. Hawakuishia tanuri la kwanza. Leo shaba ya Zambia na Kongo hupita Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na baadhi ya shaba ya dunia hurudi Muze ikiwa fleksi ya kununuliwa.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ndicho jirani wa Ufipa. Fleksi zilizokatika zikusanywe kwa mafundi wa Muze na Sumbawanga, zipelekwe huko, na kila mwanafunzi wa elektroniki apewe moja: aipime, aeleze imekatikia wapi na kwa nini, kisha achore iliyo bora.